Sindano nyekundu ya saratani: namna mgonjwa na msindikizaji wanavyojilinda na madhara ya doksorubisini

Muuguzi akija kitandani na bomba la sindano lenye maji mekundu yanayoonekana toka mlangoni, mara nyingi dawa iliyomo ni doksorubisini. Kwenye kichupa na kwenye karatasi za hospitali huandikwa doxorubicin, na wengi wanaifahamu kwa jina la kibiashara la Adriamycin. Asili yake ni bakteria wa udongoni, Streptomyces peucetius, waliopatikana katika udongo uliochotwa karibu na ngome ya Castel del Monte nchini Italia. Imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1970, na hadi leo ni nguzo ya tiba ya saratani ya matiti, limfoma (saratani ya tezi za kinga), saratani ya mifupa na ya tishu laini, na baadhi ya saratani za watoto na za damu.

Dawa hii imeokoa watu wengi, na ina madhara makali. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi kwa uwazi ni kwamba madhara yake hayaji kwa wakati mmoja. Kuna hatari inayotokea ndani ya dakika chache, sindano ikiwa bado iko mkononi. Kuna inayokuja baada ya wiki moja na zaidi, mgonjwa akiwa nyumbani na anaanza kujisikia nafuu. Nyingine inaweza kunyamaza miaka kumi ndipo ijitokeze. Katika zote tatu, mtu wa kwanza kuona dalili ni mgonjwa mwenyewe au anayeishi naye. Daktari huona baadaye, kama ataambiwa.

Fuata hatua hizi pamoja na maelekezo ya timu inayokutibu. Ukikuta tofauti kati ya haya na ulichoambiwa wodini, shika la wodini, ila uliza sababu yake.

Hatua ya 1: Kabla ya sindano ya kwanza, sema yote

Usingoje kuulizwa. Siku ya kwanza kliniki huwa na foleni, na swali muhimu linaweza kurukwa.

La kwanza kabisa kusema ni kama uliwahi kutibiwa saratani hapo nyuma, hata kama ilikuwa utotoni. Doksorubisini ina ndugu zake: daunorubisini, epirubisini na idarubisini. Zote zinaumiza moyo kwa njia ileile, na moyo hujumlisha dozi zote ulizowahi kupewa maishani. Kama uliwahi kupigwa mionzi kifuani, sema pia, kwa sababu moyo uliopitiwa na mionzi huvumilia dawa kidogo zaidi. Taja shinikizo la damu, kisukari, na ugonjwa wowote wa moyo, hata ule ulioambiwa ni mdogo.

Kisha ini. Ini ndilo linaloondoa dawa hii mwilini, na likiwa dhaifu dawa hukaa kwenye damu muda mrefu na makali yake huongezeka. Ndiyo maana hupimwa bilirubini, kemikali ya manjano kwenye damu ambayo ini huiondoa, kabla ya kila dozi. Ikiwa kati ya 1.2 na 3.0 (miligramu kwa desilita), dozi hupunguzwa kwa nusu. Ikifika kati ya 3.1 na 5.0, hutolewa robo tu. Ikizidi hapo, dawa haitolewi. Kwa hiyo ukiona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa mweusi siku chache kabla ya miadi, piga simu kabla hujasafiri. Uliza pia kama umepimwa homa ya ini aina ya B, kwa kuwa virusi vilivyolala vinaweza kuamka kinga inaposhuka.

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba na virutubisho, uziweke mezani kwa daktari au mfamasia. Baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini hupunguza nguvu ya doksorubisini. Nyingine huongeza kiwango chake mwilini, kwa mfano verapamili ya moyo na shinikizo la damu, na baadhi ya dawa za VVU na za fangasi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Kazi yako ni kuitaja, wao wataamua. Trastuzumabu, dawa inayotumika kwa aina fulani ya saratani ya matiti, nayo huchosha moyo. Kama umewahi kuitumia, taja tarehe ya dozi ya mwisho.

Vipimo vya kutegemea kabla ya kuanza ni picha kamili ya damu, ini, figo, kipimo cha umeme wa moyo, na eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo unasukuma damu kwa nguvu kiasi gani. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa mimba pia. Kama eko haijafanyika, uliza itafanyika lini. Ni haki yako kuuliza, na hakuna daktari mwenye busara atakayekasirika. Ukiwa na jino bovu, litibiwe mapema, kwa sababu jino lililooza huwa mlango wa maambukizi kinga ikishuka.

Hatua ya 2: Siku ya dawa, hakikisha jina, uzito na namba

Dozi hupangwa kwa eneo la mwili, linalokokotolewa kutokana na urefu na uzito. Kwa watu wazima kawaida huwa kati ya miligramu 40 na 75 kwa kila mita ya mraba, kila baada ya siku 21 hadi 28, kutegemea dawa nyingine zinazoandamana nayo. Mtu mwenye eneo la mita 1.6 za mraba aliyeandikiwa 60 atapata miligramu 96. Usipime uzito kwa makadirio. Omba upimwe upya kila duru (kila awamu ya dawa), hasa kama umekonda.

Dawa ikifika, sema jina lako kamili kabla haijaunganishwa, kisha uliza: "Hii ni dawa gani, na ni miligramu ngapi?" Msindikizaji aandike jibu kwenye daftari. Kuna sababu nzito ya kuuliza jina. Majina ya ndugu zake yanafanana mno yakiandikwa kwa haraka, na dozi zake hazilingani. Halafu ipo doksorubisini ya liposomu, iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Ina kiambata kilekile lakini hutolewa kwa dozi tofauti, kwa ratiba tofauti na kwa kasi tofauti, na kamwe haibadilishwi na ile ya kawaida. Ukiona jina kwenye karatasi limebadilika kutoka duru iliyopita, au rangi si ile uliyozoea, simamisha kila kitu kwa swali moja tu: "Mbona leo ni tofauti?"

Hatua ya 3: Linda mshipa

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako wote. Doksorubisini ikiwa ndani ya mshipa wa damu inafanya kazi yake. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama inayouzunguka, na kidonda chake kinaweza kuchimba hadi kwenye kano na kuhitaji upasuaji wa kupandikiza ngozi. Kwa sababu hiyo haichomwi kamwe kwenye msuli wala chini ya ngozi.

Mshipa mzuri ni mnene, ulionyooka, katikati ya mkono wa mbele, chini ya kiwiko. Mgongo wa kiganja, kifundo cha mkono na kiungo cha kiwiko ni mahali pabaya, kwa sababu dawa ikivuja pale itaharibu mishipa ya fahamu na kano zinazokupa uwezo wa kukunja mkono. Kama uliondolewa tezi za kwapani, tumia mkono wa upande mwingine. Kanula, yaani mrija mdogo unaoachwa ndani ya mshipa, ikiwa iliwekwa jana isitumike kwa dawa hii leo. Na ikiwa umechomwa mara kadhaa bila mshipa kupatikana, una haki ya kuomba muuguzi mzoefu zaidi, au kuuliza kama unaweza kuwekewa mrija wa kudumu kwenye mshipa mkubwa wa kifua. Kwa wenye mishipa midogo na duru nyingi mbele yao, naona mrija huo ni uamuzi bora kuliko kuteseka kila mara.

Muuguzi anayejua kazi yake huanza kwa kuruhusu maji ya dripu yapite vizuri, huvuta kidogo kuona kama damu inarudi, kisha husukuma dawa polepole kupitia mpira wa dripu inayotiririka, kwa dakika 3 hadi 10, huku akiangalia mkono wako. Mkono uwe wazi, usifunikwe na shuka wala nguo. Usilale usingizi wakati huu. Usiende msalani dawa ikiwa inaingia.

Sema "simama!" papo hapo ukihisi moja ya haya:

- maumivu, kuchoma au mwasho mkali pale kwenye sindano
- kuvimba au ngozi kukaza
- wekundu au ubaridi usio wa kawaida
- dripu iliyokuwa ikienda vizuri imepunguza kasi yenyewe

Usione haya. Wagonjwa wengi hunyamaza wakidhani kuungua ni sehemu ya dawa, au wakiogopa kuonekana wasumbufu. Dawa hii haipaswi kuuma inapoingia. Vilevile inaweza kuvuja bila maumivu yoyote, ndiyo maana macho ya msindikizaji yanahitajika hapo pamoja na hisia zako.

Ikivuja, dawa husimamishwa mara moja lakini kanula haitolewi kwanza. Muuguzi huvuta kupitia hiyohiyo kanula dawa iliyobaki, kisha ndipo huitoa, bila kukandamiza mahali pale. Mipaka ya uvimbe huchorwa kwa kalamu ili ionekane kama unapanuka. Huwekwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15, mara 4 kwa siku, kwa siku 3, na mkono huinuliwa. Usiweke maji ya moto na usisugue. Kwa dawa hii joto husambaza madhara. Ipo dawa ya kuzuia uharibifu, deksrazoksani, inayotolewa kwa dripu siku 3 mfululizo, na dozi ya kwanza lazima ianze ndani ya saa 6. Uliza waziwazi kama ipo au inaweza kupatikana, maana saa hizo hupita haraka wakati watu wanashauriana. Ikitumika, barafu huondolewa dakika 15 kabla yake.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo lakini si hatari sana: mistari myekundu na mwasho kufuata njia ya mshipa, bila uvimbe wala maumivu, na damu bado inarudi vizuri ikivutwa. Hiyo ni hasira ya mshipa tu, na kwa kawaida hutulia dawa ikipunguzwa kasi. Anayeamua ni ipi kati ya hizo mbili ni muuguzi, baada ya kusimamisha dawa. Mgonjwa asijiamulie mwenyewe.

Ukifika nyumbani, angalia mahali pa sindano kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Lengelenge, ngozi kuwa nyeusi au maumivu yanayoongezeka siku kadhaa baadaye ni sababu ya kurudi hospitali, hata kama siku ya sindano hakuna kilichoonekana.

Hatua ya 4: Siku mbili za mwanzo

Mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku 1 hadi 2. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, na haihitaji matibabu. Ikiendelea baada ya saa 48, au ukiona mabonge au ukasikia maumivu unapokojoa, toa taarifa. Dawa ya siklofosfamidi, ambayo hutolewa pamoja na hii kwa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti, inaweza kuumiza kibofu hadi kitoe damu kweli. Kunywa maji ya kutosha kama ulivyoelekezwa, na usibane mkojo.

Kichefuchefu ni kikali, hasa zikiandamana dawa hizo mbili. Siri ya kukishinda ni kukitangulia. Vidonge ulivyopewa, kama ondansetroni na deksamethasoni, vinywe kwa saa zake hata kama tumbo limetulia. Ukisubiri utapike ndipo unywe, umechelewa. Kula kidogo kidogo mara nyingi, chakula kisicho na harufu kali. Ondansetroni inafunga choo, na deksamethasoni inakata usingizi ikinywewa jioni, kwa hiyo uliza saa nzuri ya kuinywa. Ukitapika kiasi cha kushindwa kushikilia maji tumboni kwa saa 24, rudi hospitali. Na dawa zisipotosha, duru ijayo sema hivyo, kwa sababu zipo nyingine za kuongezwa, zikiwemo olanzapini na aprepitanti.

Hatua ya 5: Kuwalinda walio nyumbani

Dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi, matapishi na jasho. Kwa siku zisizopungua 5 baada ya kila sindano, anayesafisha vitu hivyo avae glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni baada ya kuzivua. Mgonjwa wa kiume akojoe akiwa amekaa ili mkojo usiruke. Choo cha kuvuta kifunikwe kabla ya kuvuta maji. Shuka na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili. Nepi za mtoto anayetibiwa zifungwe ndani ya mifuko miwili. Kilichorukia ngozi kioshwe kwa sabuni na maji mengi. Kilichorukia jicho kioshwe kwa maji safi kwa dakika 15. Mjamzito na anayenyonyesha asiwe yeye wa kusafisha.

Kukumbatiana, kukaa pamoja, kula pamoja na kumbeba mtoto hakuna hatari. Ninasisitiza hili kwa sababu wapo wagonjwa waliotengewa vyombo na kitanda kwa hofu isiyo na msingi, na upweke huo unaumiza kuliko sindano.

Hatua ya 6: Kuanzia siku ya 7, kipima joto kiwe karibu

Doksorubisini inapiga chembe zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza damu ni miongoni mwake. Chembe nyeupe hushuka taratibu, hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda na kwa kawaida hurejea karibu na siku ya 21. Ndiyo sababu duru nyingi hupangwa kwa wiki tatu. Weka alama kwenye kalenda kuanzia siku ya 7 hadi ya 15. Katika siku hizo kichefuchefu kimeisha, hamu ya kula imerudi, na mgonjwa anajiona amepona. Kwa hakika ndio wakati kinga yake iko chini kuliko wakati wote.

Mtu asiye na chembe nyeupe za kutosha hatoi usaha, wala hapati wekundu au uvimbe kama wengine. Mara nyingi dalili pekee ya maambukizi ni homa. Pima joto asubuhi na jioni, na kila unaposikia baridi au uchovu wa ghafla. Ukifika nyuzi 38, ni dharura ya kwenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Usinywe parasetamoli kwanza ili kuona kama itashuka. Itashuka, na bakteria wataendelea kuongezeka kwenye damu huku wewe ukijipa moyo. Kutetemeka kwa baridi kali bila homa, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au shinikizo la damu kushuka navyo vichukuliwe kama homa. Anayetumia deksamethasoni anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila joto kupanda.

Ukifika mapokezi usikae kwenye foleni. Sema maneno haya, au msindikizaji ayaseme: "Huyu ni mgonjwa wa saratani. Alichomwa sindano ya doksorubisini siku 11 zilizopita. Ana homa ya nyuzi 38.4. Kinga yake iko chini, anahitaji kupimwa damu na kupewa antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja." Badilisha tarehe na joto kulingana na hali yako. Andika maneno hayo kwenye karatasi na uiweke pamoja na kadi ya kliniki, maana atakayekupokea usiku anaweza kuwa hajawahi kumhudumia mgonjwa wa saratani, na sentensi hizo zinamwambia kila anachohitaji ili aanze.

Katika siku hizo usitumie dawa za kuweka njia ya haja kubwa, wala enema, wala kipima joto cha huko. Kaa mbali na wenye mafua, tetekuwanga na surua. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hazitolewi wakati wa tiba. Kunawa mikono mara kwa mara ni kinga muhimu sana. Kama katika duru iliyopita ulipata homa ya namna hii, uliza kuhusu filgrastimu, sindano ya kuamsha uboho, ambayo huanza si chini ya saa 24 baada ya dawa ya saratani. Huleta maumivu ya mifupa, na maumivu hayo yanavumilika kwa dawa.

Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo hushuka. Damu ya pua isiyokoma, fizi kutoka damu, madoadoa mekundu kwenye miguu au kinyesi cheusi vitolewe taarifa siku hiyohiyo. Usitumie aspirini wala ibuprofeni bila ruhusa.

Hatua ya 7: Mdomo, nywele na ngozi

Vidonda vya mdomoni huanza siku ya 5 hadi ya 10. Sukutua mara nne au zaidi kwa siku kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, tumia mswaki laini, epuka dawa za kusukutua zenye alkoholi. Ukishindwa kumeza maji, rudi hospitali.

Nywele huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3, mara nyingi kwa mafungu na ghafla, pamoja na nyusi na kope. Huota tena tiba ikiisha. Kofia ya kupoza kichwa huwasaidia baadhi ya watu, mahali inapopatikana. Kucha na viganja vinaweza kuwa vyeusi. Aliyepigwa mionzi zamani anaweza kuona ngozi ya mahali palepale inawaka upya. Amwambie daktari kabla ya duru inayofuata.

Hatua ya 8: Hesabu ya moyo

Fungua ukurasa maalumu kwenye daftari. Kila baada ya sindano andika tarehe, miligramu ulizopewa, miligramu kwa mita ya mraba, na jumla mpaka siku hiyo. Duru 4 za 60 ni jumla ya 240. Duru 6 za 50 ni 300. Hiyo namba ya jumla ni muhimu kuliko namba nyingine yoyote katika tiba hii.

Sababu yake ni hii. Moyo unapofikia jumla ya miligramu 300 kwa mita ya mraba, uwezekano wa misuli yake kudhoofika unakadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2. Kwenye 400 unakuwa asilimia 3 hadi 5, kwenye 450 asilimia 5 hadi 8, na kwenye 500 asilimia 6 hadi 20. Ona jinsi unavyopanda kwa kasi mwishoni. Kwa hiyo madaktari wengi hawapendi kuvuka 450 hadi 550, na kwa aliyepigwa mionzi kifuani kikomo huwa chini zaidi. Watoto wako kwenye hatari kubwa hata kwa dozi ndogo. Ukihama hospitali, jumla yako ya zamani isipoandikwa, mpya itaanza kuhesabu kutoka sifuri. Makosa ya namna hii yanazuilika kwa daftari la kurasa chache.

Rudi kwa eko kila unapoitwa, hata kama hujisikii chochote. Ikionyesha nguvu ya kusukuma damu imeshuka kwa alama 10 au zaidi na kufika chini ya asilimia 50, daktari huisimamisha dawa au kuibadilisha. Udhaifu wa moyo ukigunduliwa mapema, dawa za kuusaidia moyo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ukichelewa. Deksrazoksani, ileile ya dawa iliyovuja, hutumika pia kuulinda moyo kwa baadhi ya wagonjwa ambao jumla yao imefika 300 na bado wanahitaji kuendelea.

Wewe angalia haya: kukosa pumzi ukipanda ngazi ulizozizoea, kuhitaji mto wa pili na wa tatu ili ulale, kuamka usiku ukihema, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku chache bila kula zaidi, mapigo kwenda mbio ukiwa umekaa. Usiyaite uchovu wa saratani mpaka moyo umepimwa.

Hatua ya 9: Uzazi, na baada ya tiba kwisha

Dawa inadhuru mimba. Mwanamke atumie uzazi wa mpango wa uhakika wakati wote wa tiba na kwa miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Mwanamume naye, kwa muda atakaoelekezwa na daktari wake. Kunyonyesha kusimame. Anayetaka watoto baadaye azungumze kuhusu kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo nafasi hupungua. Hedhi inaweza kukatika. Isihesabiwe kuwa kinga ya mimba.

Kwa nadra, miaka michache baada ya tiba, dawa hii husababisha saratani ya damu. Uchovu usioelezeka, michubuko na homa za mara kwa mara zipimwe damu, hata kama saratani ya kwanza imeshapona.

Siku ya duru ya mwisho omba muhtasari wa maandishi wenye jina la dawa, jumla ya miligramu kwa mita ya mraba, tarehe, matokeo ya eko ya mwisho, na mionzi kama ilitolewa. Piga picha na utunze nakala. Utauonyesha kwa daktari yeyote atakayekuandalia upasuaji au ganzi ya kulala, au kukutibu shinikizo la damu. Mwanamke aliyewahi kupewa doksorubisini, hata akiwa mtoto wa miaka mitano, akipata mimba amwonyeshe mkunga muhtasari huo kwenye hudhurio la kwanza na aombe eko mapema, kwa sababu mimba huuongezea moyo kazi kubwa kuanzia miezi ya mwanzo.